Pembe au Paa

Kijiti kilipotoka mtungini, Abakar hakutaka kukitazama. Alikipunga hewani kama walivyozoea, akakisimamisha mbele ya dirisha, akangoja barafu ijichore. Pale weupe unapoishia ndipo naitrojeni, yale maji ya baridi kali, ilipofika. Juma lililopita weupe ulikuwa kimo cha kiganja. Leo ulikuwa vidole viwili, tena vya mtoto.

Akaupapasa mtungi tumboni. Ulikuwa unatoka jasho.

"Ikhlas!" aliita. "Binti yangu, njoo haraka. Huyu mzee ameshikwa na homa."

Ikhlas alikuja mbio huku ameushika mtandio usimdondoke. Alikuwa mtafiti kijana kutoka Wad Madani, na ndiye mtu pekee katika ile maabara ya Wad Harira aliyemwita Abakar ami. Wengine walimwita dereva. Kazi yake Ikhlas ilikuwa kuchunguza wadudu wa kala azar, ile homa ya kuvimba wengu, waliolazwa kwenye baridi miaka mingi: wangapi huamka, na wakiamka wamebaki vilevile au wamepoteza kitu.

Aligusa mtungi, akatazama unyevu kwenye vidole.

"Hewa imeingia kati ya kuta, Ami. Hautashika baridi tena. Hata tukiujaza leo, kesho kutwa utakuwa mkavu."

"Na vile vichupa vya zamani?"

Ikhlas alijua anauliza kichupa gani.

Miaka saba nyuma, Kaltuma, mke wa Abakar, aliugua homa isiyokwisha. Wengu ukavimba hadi akaonekana mja mzito. Kwenye kliniki ya mtoni akachomwa sindano mwezi mzima, kila asubuhi, na Abakar ndiye aliyembeba kumvusha maji. Akafa hivyohivyo. Wakubwa wa kliniki, badala ya kusema dawa imeshindwa, walisema mgonjwa hakumaliza sindano. Basi. Neno moja la mtu aliyevaa koti jeupe. Ndugu zake Kaltuma wakalichukua neno hilo wakaliongezea lao: kwamba sindano hakuzimaliza kwa sababu mumewe alikuwa akiziuza sokoni. Msiba haujaisha, wakamchukua Mastura, mtoto wake mmoja, wakaenda naye kwao. Tangu siku hiyo Abakar humwona bintiye kwa mbali siku ya Idi, amevaa nguo ambazo hakumnunulia yeye.

Ila kabla Kaltuma hajafa, Mzee Tiya, fundi wa maabara aliyekwisha staafu sasa, alikuwa amemvuta uboho mfupani na kuulaza kwenye baridi. Ikhlas alipofika mwaka huu na kuulizia vichupa vya zamani, Tiya mwenyewe ndiye aliyemwambia Abakar, tena kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya jamaa aliyepotea: "Mkeo ni kichupa cha saba. Cha nane ni cha Hasabo, yule mwenye duka la ufuta. Yeye sindano zilimponya, unamwona anavyonenepa."

Na Ikhlas akaongeza jambo ambalo lilimnyima Abakar usingizi tangu siku hiyo. Kama wadudu wa Kaltuma bado wako hai, wanaweza kuwekewa dawa ileile. Wakifa, basi dawa ilikuwa na nguvu na maneno ya kliniki yatabaki palepale. Wasipokufa, basi hata angechomwa mwaka mzima, Kaltuma asingepona.

Kwa hiyo Abakar, aliyewachukia wale wadudu kuliko kitu chochote alichokiumba Mungu, akawa mlinzi wao.

*

Daktari Siralkhatim, mkuu wa maabara, aliwasikiliza akiwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi. Si mtu mkali. Angekuwa mkali, Abakar angejua namna ya kumchukia.

"Gari la naitrojeni halitoki Khartoum," alisema. "Daraja limechukuliwa na maji. Nimeshawaandikia wizarani."

"Wizarani wanakunywa chai, daktari," alisema Abakar.

"Na mimi nakunywa kahawa. Sasa nifanyeje?"

"Kuna baridi hapa karibu. Kule shamba la ng'ombe la serikali, wanakohifadhi mbegu za madume. Nao wanatumia naitrojeni hiihii. Nipe ule mtungi mdogo wa safari niende."

Daktari akacheka puani. "Nikawaombe wapandisha ng'ombe?"

"Nitawaomba mimi. Mimi sina cheo cha kuchafuka."

Ikhlas aliinamisha uso asionekane anacheka. Daktari aliweka kikombe chini. "Haya, nenda. Lakini tuelewane, Abakar. Mtungi mdogo una nafasi ndogo. Vitaingia vichupa vya utafiti wa sasa kwanza, maana hivyo kuna wagonjwa wanavingoja. Vya zamani vikikosa nafasi, vimekosa. Vile ni maiti tu. Unahangaikia maiti."

Abakar alitaka kusema kwamba maiti wanazikwa, hawawekwi kwenye baridi na kuandikwa namba. Lakini mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Ethiopia, na njia ile ikilowa haipitiki. Akachukua mtungi akatoka.

"Ami!" Ikhlas alimkimbilia hadi kwenye gari. "Kifuniko usikikaze. Lazima upumue. Ukiubana, utapasuka kama bomu."

"Na ukipumua unakwisha."

"Ndiyo. Kwa hiyo usichelewe."

*

Kule shambani mtunza mbegu aliitwa Babikir, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani. Aliufunua mtungi wake mkubwa, moshi mweupe ukamiminika ukatambaa hadi miguuni.

"Karibu kwenye harusi!" alisema. "Unakuja kumfukiza nani, bwana? Bibi harusi yuko wapi?"

Abakar alimkumbuka mkewe. Kaltuma alikuwa akijifukiza kila Alhamisi, amekaa juu ya shimo la magogo ya talha yanayofuka moshi, amejifunika blanketi shingoni, akimwimbia kutoka kule ndani asisogee dirishani. Harufu ile ilikaa kwenye mashuka hata baada ya arubaini.

"Nipe uwezacho," alisema. "Mtungi ni wa kala azar."

Babikir akaacha utani. "Kala azar ilimchukua kaka yangu. Lakini, ndugu yangu, nina madume humu waliokufa zamani na bado wanazaa ndama. Wakiniyeyukia hawa, mkurugenzi atanikata mimi korodani badala ya ng'ombe. Nakupa nusu."

"Nusu haitoshi."

"Nusu na kidogo. Shika hapo, isikumwagikie mguuni, ukitaka kurudi na vidole vyako."

Mvua ilimkuta kabla hajafika nusu ya njia. Haikuwa mvua kubwa. Ule udongo mweusi hauhitaji mvua kubwa. Ukilambwa tu na maji unageuka ugali, unashika tairi na hauachi. Abakar aliliendesha gari kama mtu anayetembea juu ya kamba. Nyuma, mtungi ulikuwa umefungwa kwa kamba wima kati ya magunia mawili ya mabua. Kila alipotazama kwenye kioo aliuona uzi mwembamba wa moshi ukichungulia chini ya kifuniko na kupotea. Ule moshi ndio naitrojeni yenyewe iliyokuwa ikimwishia.

Gari likayumba, likalala ubavu mmoja, likazama hadi ekseli.

Alishuka. Akachimba kwa jembe, akatandika mabua, akavua jalabia yake nyeupe akaitandika nayo. Akarudi kwenye usukani na fulana. Tairi likazunguka, likaila jalabia, likaitapika nyuma ikiwa tope. Gari halikusogea hata unyayo. Akapanda nyuma, akafunua kifuniko akachovya kijiti.

Ilikuwa imepungua.

Wazo likamjia kwamba akikibana kile kifuniko kidogo tu, kwa kamba, moshi ungekaa ndani. Mkono wake ulikwisha ishika kamba. Akausikia mtungi ukitoa mlio mdogo, psss, kama mtu anayepumua kwa meno. Akaiachia kamba.

Ndipo akasikia trekta. Akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaliona trekta lenyewe, akatamani kuirudisha shukrani yake. Aliyeshika usukani alikuwa Nahar, kaka mkubwa wa Kaltuma.

Nahar alisimamisha trekta mbali kidogo, injini ikiunguruma, akamtazama shemeji yake alivyosimama na fulana katikati ya tope.

"Mwuza dawa," alisema. "Leo umeuza na nguo?"

"Nivute, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Aliyetufanya mashemeji yuko udongoni."

"Nivute, halafu unitukane. Nina kitu humu kinachokwisha kila tukisema neno."

Nahar alishuka. Akaja akauona moshi. "Nini hicho?"

Abakar angeweza kusema ni dawa. Ni maji ya betri. Ni chochote. Lakini alikuwa amechoka kuonekana mwongo wakati anasema kweli, akaona bora aiseme yote. Akamweleza: mtungi uliotoboka, uboho wa Kaltuma, wale wadudu waliolala, na dawa watakayowekewa.

Nahar alisikiliza hadi mwisho, maji ya mvua yakimchuruzika kilembani. Kisha akauliza polepole, "Wale waliomuua dada yangu?"

"Walewale."

"Na wewe unawapelekea baridi wasife."

"Ndiyo."

"Kwa mikono yako."

"Kwa mikono yangu. Unadhani nalala?"

Nahar aligeuka, akatema mate pembeni. Kwa muda Abakar aliamini kabisa kwamba yule mtu angepanda gari na kuupiga teke mtungi, na hakujua angemzuia vipi, maana hata yeye siku nyingine alitamani kuupiga teke. Nahar akaenda kwenye trekta akarudi na mnyororo.

"Nisikilize vizuri," alisema akiufunga kwenye bampa. "Wakiwa hai, utaniita. Nitakuja kuwaona kwa macho yangu. Sitaki kuambiwa na mtu wa koti jeupe. Wakiwa wamekufa, au dawa ikiwaua, kwetu usitie mguu tena. Hata Idi. Hata kule kwa mbali unakojificha ukidhani hatukuoni."

"Nimekubali."

"Sikukuuliza kama umekubali."

*

Walianza kuhamisha mara tu alipofika, akiwa bado na tope hadi magotini. Daktari alishika koleo, Ikhlas alishika taa, Abakar alishika kijiti. Vichupa vya utafiti wa sasa vilipita kutoka mtungi mgonjwa kwenda mtungi mdogo, kila kimoja kikivuka hewani upesi kama samaki, maana mwili wa kile kichupa ukionja joto la Wad Harira, wadudu wanapasuka kwa barafu yao wenyewe. Kila vichupa vilipoingia, naitrojeni ilichemka na kupungua.

"Kijiti," alisema daktari.

Abakar alichovya. "Imebaki ya kufunika hivyo tu."

"Basi tumemaliza."

"Bado cha saba, daktari."

"Nafasi hakuna, Abakar. Nikiongeza hata kimoja, vyote vitachungulia nje." Alisema huku amekwisha vua glavu moja. "Kama mnakitaka, kiyeyusheni sasa hivi. Ni sasa au basi."

Ikhlas alikwisha chukua koleo. Akainamia mtungi mkubwa, kule chini kulikobaki ukungu peke yake. Karatasi za majina zilikuwa zimebanduka kwa baridi ya miaka, zimetapakaa chini kama magamba. Kilichobaki ni namba alizoandika Mzee Tiya kwa wino juu ya vifuniko. Alitoa vichupa viwili ambavyo namba zake zilifanana, akavitia haraka kwenye maji ya uvuguvugu yaliyokuwa tayari, akaviyeyusha akivitikisa. Kisha akainua uso, na Abakar akaona kuna jambo.

"Ami," alisema. "Kipi ni saba?"

Kwa namba za Kiarabu saba ni pembe mbili za ng'ombe zinazotazama juu, na nane ni paa la nyumba. Mistari ni ileile miwili, imegeuzwa. Kwenye karatasi hakuna anayekosea. Lakini kifuniko ni duara. Hakina juu, hakina chini. Ukikizungusha, pembe zinakuwa paa. Ukiendelea kuzungusha, paa linakuwa pembe. Ndiyo maana kila fundi, tangu siku ya kwanza ya kazi, hufundishwa kuweka nukta chini ya namba.

Hapakuwa na nukta. Si kwenye kimoja, si kwenye kingine.

Abakar alimpigia Mzee Tiya simu.

"Nukta?" sauti ya mzee ilikuja na mikwaruzo, na mbuzi wakilia nyuma yake. "Mimi kila siku naweka nukta, Abakar. Mimi ndiye niliyewafundisha nukta."

"Hakuna nukta, Tiya."

Mbuzi wakazidi kulia.

"Ilikuwa Ramadhani," alisema mzee hatimaye. "Joto, nimefunga, na mkeo analia kule kitandani kwa ile sindano ya mfupa. Nilitaka nimalize niondoke. Nisamehe, ndugu yangu."

Abakar alikata simu. Miaka yote alikuwa na mahali pa kuitupa hasira yake: wizarani, kliniki, kwa kila mwenye meza na kiti cha kuzunguka. Sasa kosa lilikuwa la mzee maskini mwenye kiu ambaye hakuvumilia kilio cha Kaltuma. Hakujua la kuifanyia hasira ya namna hiyo.

"Tutavilea vyote viwili," alisema Ikhlas. "Vikiamka."

*

Wakavilea. Ikhlas aliwapa wadudu chakula chao, damu ya sungura iliyogandishwa na maji ya chumvi juu yake, akaviweka pahali pa baridi kiasi, akakataza mtu kuvigusa. Siku zikapita. Kila asubuhi aliinamia hadubini, na kila asubuhi Abakar alisimama mlangoni, amebeba ufagio asioutumia.

"Vipi?"

"Kimya, Ami."

Siku iliyofuata kimya. Na iliyofuata. Daktari alipita akasema, bila ubaya wowote, "Si niliwaambia?" Abakar akatoka nje akakaa kwa mama wa chai, chai ikapoa mbele yake, akawaza Idi itakuwaje bila hata ile sura ya mbali.

Kisha asubuhi moja Ikhlas hakusema kimya. Alisogea pembeni, akamwonyesha kiti.

Mara ya kwanza Abakar aliona kope zake mwenyewe. Baadaye uwanja ukatulia, ukawa wa kijivujivu, mtupu, umejaa vitu vilivyovunjikavunjika kama makapi ya ufuta. Kwenye kona, kitu chembamba kikajinyoosha. Kilikuwa na mkia mbele badala ya nyuma, na kikajivuta nao, kikagonga makapi, kikageuka.

"Mmoja?" alinong'ona.

"Watatu hivi. Waliolazwa walikuwa maelfu. Ni miaka saba, na kijiti chako kimeonyesha baridi ikipungua mara nyingi. Lakini watatu wanatosha, watazaana."

"Na kichupa kile kingine?"

"Kile kingine wamekufa wote."

Abakar akabandua jicho. "Hiki kilicho hai ni cha nani?"

"Hapo ndipo penye kazi," alisema Ikhlas. "Hasabo alipona kwa dawa hii. Kwa hiyo wadudu wa Hasabo lazima wafe nayo. Kama hawa wakikataa kufa, basi si wa Hasabo. Ni wa mama Mastura."

"Na wakifa?"

"Wakifa, wanaweza kuwa wa Hasabo, wanaweza kuwa wake. Hatutajua tena, maana kile kingine hakina wa kuulizwa."

Ikachukua wiki kadhaa nyingine. Wadudu walipokuwa wengi, Ikhlas aliwaingiza kwenye chembe hai za panya, kwa kuwa dawa ile huwakamata wakiwa wamejificha ndani ya chembe. Sahani mbili: moja ya hao wa baridini, nyingine ya wadudu wa mgonjwa wa juzi aliyekuwa akiendelea vizuri. Zote akazitilia dawa ileile, chupa moja. Kisha akaiosha dawa, akawarudishia chakula chao. Aliye mzima atatoka aogelee. Kama wote wamekufa, maji yatakaa kimya.

Abakar hakungoja majibu. Siku ya kufungua alimpigia Nahar kwanza. "Njoo uone mwenyewe," alisema, "sijui nitakachokuonyesha." Akakata simu kabla ya kusikia tusi.

*

Nahar alikuja na kilemba kipya, akakaa mbele ya hadubini kama aliyekaa mbele ya hakimu. Daktari Siralkhatim naye alikuja, akasimama nyuma, mikono mfukoni. Ikhlas aliweka sahani ya kwanza.

"Hii ni ya mgonjwa wa juzi. Ina dawa. Unaona nini, mjomba?"

"Uchafu."

"Kuna kinachotembea?"

"Hakuna. Uchafu tu."

Ikhlas akabadilisha sahani. Hakuna aliyemwambia Nahar ni ipi. Alitazama. Mgongo wake mpana ulifunika kila kitu, na Abakar aliyekuwa ukutani hakuona ila mgongo ule na kilemba. Nje mama wa chai alikuwa akitwanga kahawa, kinu kikigonga na kugonga. Kikanyamaza.

"Wanaogelea," alisema Nahar.

Akainua uso.

"Hawa wamewekewa dawa?"

"Ileile, mjomba."

"Wanaogelea kama wajinga." Akarudisha jicho kwenye hadubini. "Yeye hayupo, na hawa wanaogelea."

Abakar aliteleza ukutani hadi akachuchumaa. Hakulia. Alikuwa anazisikia sindano za ule mwezi, moja moja, na maji ya mto kifuani, na uzito wa Kaltuma mgongoni ukipungua kila asubuhi.

Ndipo daktari akakohoa.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Lazima niwe mkweli. Hawa wamekaa kwenye baridi miaka mingi. Walilazwa maelfu, wakaamka watatu. Huenda waliobaki ni wale wagumu tu, na huenda ugumu huo ni wa baridi, haukuwepo kwa mgonjwa. Baridi ya muda mrefu hubadilisha wadudu. Ikhlas mwenyewe anachunguza jambo hilohilo. Siwezi kuapa kwamba dawa ilishindwa wakati ule."

Abakar alimtazama Ikhlas amkanushe. Ikhlas aliinamisha uso. "Ni kweli, Ami," alisema. "Inawezekana. Naamini sivyo. Lakini kuapa, siwezi."

Basi ndivyo ilivyo, Abakar aliwaza. Wanakupa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wanakunyang'anya. Akaona mlango wa nyumba ya Nahar ukifungwa, na Mastura ndani yake.

Nahar aligeuza kiti taratibu.

"Kwa hiyo hujui, daktari?"

"Kwa uhakika, hapana."

"Baada ya miaka saba, na hadubini, na huyu binti kukesha na sahani, bado hujui kwa uhakika."

"Ndivyo sayansi ilivyo, bwana wangu."

"Basi kule kliniki walijuaje?" Nahar alisimama. "Wao hawakuangalia chochote. Walisimama mlangoni, maiti haijapoa, wakaniambia wana uhakika kwamba hakumaliza sindano. Neno hilohilo: uhakika. Nikamnyang'anya mtu mtoto wake kwa uhakika huo. Ulikuwa wapi wakati ule huu ukweli wako?"

"Sikuwepo," alisema daktari kwa sauti ndogo.

"Hampo kila siku."

Akapita mbele ya Abakar, akasimama, akitazama ukuta juu ya kichwa chake. Mtu kama Nahar haombi radhi. Hata misuli ya shingo yake haikuumbwa kwa hilo.

"Yule mtoto siku hizi hali ugali wa asida kwa mlenda," alisema. "Umwekee maziwa ya mgando. Na usimkemee akiacha viatu katikati ya mlango, mama yake alikuwa hivyohivyo."

"Najua alivyokuwa mama yake," alisema Abakar.

"Ijumaa, basi."

Akatoka. Muda si muda trekta likasikika likiwaka.

Daktari naye aliondoka, akisema atawaandikia watu wa kliniki. Huenda aliandika. Ikhlas akabaki akigawa wadudu kwenye vichupa vipya. Kwenye kila kifuniko alichora pembe mbili, na chini yake nukta, akaikoleza mara mbili. Akamkabidhi Abakar koleo.

"Utawarudisha wewe, Ami?"

Abakar alisimama juu ya mtungi mpya uliokwisha wasili kutoka Khartoum baada ya maji kupungua. Moshi ulimpanda hadi kifuani. Angeweza kuviacha nje kidogo tu, kwa muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu, na kazi ingekwisha. Akaviteremsha haraka hadi chini, naitrojeni ikachemka, ikatulia. Akachovya kijiti, akakipunga, akasoma weupe.

"Upo wa kutosha," alisema, akafunika bila kukaza.